Uwanja wa kuchezea ambao bibi na mjukuu wote watataka kubaki

"Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi. Tumepewa kiwanja cha meta 30 kwa 20 tukifanye uwanja wa watoto kuchezea. Wenzangu wengi wanataka tununue lile jumba kubwa la plastiki lenye mitelezo minne na madaraja, likae katikati, mabenchi yapangwe pembeni na uzio uzunguke. Mimi nasita. Uwanja wa namna hiyo ndiko ninakoipeleka familia yangu, na haupiti muda mrefu mdogo wa miaka 2 analia, wa miaka 11 amekaa chini ameboreka, mama yangu mwenye magoti mabovu amesimama juani, na mimi nakimbia huku na huku. Jirani yetu ana mtoto anayetumia kiti cha magurudumu. Wao hawaji kabisa. Je, kuna uwanja ambao familia nzima inaufurahia? Tuongeze mashine za mazoezi za watu wazima? Matairi ya zamani na mbao tulizopewa bure tuzitumie? Na usalama anauthibitisha nani?"

Ndugu katibu, kusita kwako kuna msingi, na ningependa wenzako wausome ujumbe wako kabla hawajafungua orodha ya bei ya mtu yeyote. Hukuanza kwa kuuliza kifaa gani kinunuliwe. Umeeleza nani anachoka, anachoka akiwa wapi, na nini kinatokea baada ya hapo. Kwa sisi tunaosanifu viwanja, maelezo hayo yana thamani kuliko picha za jumba lolote la plastiki.

Familia huondoka uwanjani pale anapochoka wa kwanza wao. Hata kama yule wa miaka 11 ndiyo kwanza ananogewa, bibi akizidiwa na jua au mdogo akikosa cha kufanya, wote wanafungasha. Kwa hiyo mtelezo wa nne hauongezi hata dakika moja ya kukaa. Kinachoongeza muda ni kumwondolea udhia yule anayechoka mapema, na mara nyingi huyo hahitaji kifaa cha kuchezea. Anahitaji kivuli, mahali pa kukaa, maji ya kunywa, choo kilicho karibu, na njia asiyojikwaa. Hivi ndivyo kamati huviweka mwisho wa orodha, fedha zikishakwisha. Mimi nawashauri mviweke mwanzo, hata kama itawabidi mfungue uwanja wenye vifaa vitatu tu.

Anzeni na kivuli. Nendeni kiwanjani saa zile ambazo watu watakuja kweli, mchore kwenye karatasi kivuli kinaangukia wapi na jua linapiga wapi, kisha mrudie saa nyingine. Miti ipandwe kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu itachukua miaka kabla haijatoa kivuli cha maana. Wakati huo mtatumia turubai au paa jepesi. Hili si suala la starehe tu. Chuma, plastiki na sakafu ya mpira wa rangi nyeusi vikipigwa na jua kali vinaweza kuunguza ngozi ya mtoto mdogo kwa sekunde chache, na mtoto wa miaka 2 akiungua mara nyingi hajui kuruka pembeni, anabaki palepale akilia. Mtelezo ukae kivulini au uelekezwe mahali ambapo jua la mchana haliupigi moja kwa moja.

Kisha vikalio. Benchi lisilo na egemeo wala mikono halimfai mama yako: mwenye magoti mabovu huinuka kwa kusukuma kwa mikono, kwa hiyo anahitaji mahali pa kushika. Kikalio kiwe na kimo cha takribani sentimita 45, kiwe na egemeo, na angalau upande mmoja uwe na mkono wa kushikia. Pembeni yake acheni nafasi tupu ya sakafu ngumu ambapo kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto kitakaa sambamba na walioketi, si mbele yao njiani.

Mahali vikalio vinapowekwa ndipo palipo na siri kubwa zaidi. Mabenchi yakipangwa kwenye uzio yakitazama jumba lililo katikati, mnamwambia mtu mzima kwamba kazi yake ni ulinzi. Naye atalinda, na ulinzi ukimchosha atatoa simu. Watu huwalaumu wazazi kwa hilo; mimi naulaumu mchoro. Ingizeni vikalio ndani ya mchezo wenyewe. Aldo van Eyck, msanifu wa Uholanzi aliyeanza kubuni viwanja vya watoto vya jiji la Amsterdam mwaka 1947 na kufikisha zaidi ya 700, alipenda sana shimo la mchanga lenye ukingo mpana wa zege. Ukingo kama huo mtoto anaufanya meza ya kupangia mikate yake ya mchanga, mwingine anakimbia juu yake, na mtu mzima anaukalia miguu yake ikiwa mchangani. Kitu kimoja, kazi tatu, na hakuna aliyetengwa. Kama mngekuwa na uwezo wa kujenga kitu kimoja tu mwaka huu, ningewaambia mjenge hicho, chini ya kivuli.

Sasa mashine za mazoezi. Najua wazo hili linatoka mahali pazuri, lakini mashine zikiwekwa kwenye kona yao mnakuwa mmejenga viwanja viwili vinavyopakana. Baba anakanyaga mashine huku amempa mtoto mgongo. Tena kuna hatari: mashine nyingi za nje zina viungo vinavyofunga na kufunguka, na kiwango cha Ulaya cha vifaa hivyo kinalenga watu wenye kimo cha zaidi ya meta 1.4. Vidole vya mtoto wa miaka 3 havikuwamo kwenye hesabu. Mkizitaka, zikae mbali na eneo la wadogo. Lakini kwa kiwanja chenu mimi ningezifuta na badala yake nijenge njia ya kutembea inayozunguka ndani ya mpaka. Kwa vipimo mlivyonavyo mtapata mzunguko wa takribani meta 80. Iwe ngumu, isiteleze, upana wa meta 1.5, na kikalio kila baada ya hatua chache. Bibi atatembea mzunguko mmoja apumzike, mdogo atasukuma gari lake la kuchezea juu yake, mwenye kiti cha magurudumu atafika kila upande, na wakubwa watashindana mbio.

Kanuni ninayoitumia kuchagua vifaa ni hii: je, watu wawili wasiolingana umri wala umbo wanaweza kukitumia kwa wakati mmoja? Bembea ya kikapu, yaani ile ya duara iliyosukwa kwa kamba ambamo mtu anaweza hata kulala, inafaulu. Mama anampakata mtoto, ndugu wawili wanakaa mgongo kwa mgongo, na mtoto asiyeweza kujishikilia analala na kubembea kama wenzake. Muulizeni muuzaji kwa maandishi inabeba uzito gani. Zipo zilizokusudiwa watoto tu.

Ubao wa kupanda na kushuka nao unafaulu, ukitengenezwa kwa akili. Kwenye ubao wa kawaida wenye viti viwili ncha kwa ncha, baba wa kilo 70 akikaa, mwanawe wa kilo 20 anabaki hewani na mchezo umekwisha. Nguzo haipimi uzito peke yake, inapima uzito mara umbali. Baba akisogea hadi sentimita 60 kutoka kwenye nguzo na mtoto akakaa sentimita 210 upande wa pili, wanalingana sawasawa, na mguso mdogo wa kidole cha mguu unawainua. Mwambieni fundi aweke viti na vishikio vitatu au vinne kwenye kila upande badala ya kimoja. Watoto wa miaka 8 watagundua kanuni hiyo wenyewe kabla hawajafundishwa darasani.

Mtelezo ndio wa kuuangalia kwa makini, kwa sababu hapa mapenzi ya mzazi ndiyo yanayomuumiza mtoto. Wengi humpakata mdogo wakateleza naye wakiamini wanamkinga. Kinachotokea ni hiki: soli ya kiatu cha mtoto, ambayo ni mpira, inanata ukutani au kwenye sakafu ya mtelezo. Angekuwa peke yake, mwili wake mwepesi ungesimama. Lakini nyuma yake kuna mtu mzima ambaye uzito wake unaendelea kushuka, mguu unabaki nyuma na kupindwa, na mfupa wa muundi unavunjika. Madaktari wa watoto wanaufahamu sana mvunjiko huu kwa watoto wa mwaka 1 hadi 3. Kwa hiyo uwanja wa familia usiwe na mtelezo unaomlazimisha mzazi kumpakata mtoto. Wekeni mmoja mfupi ambao mzazi amesimama kando anaweza kumfikia mtoto mwanzo hadi mwisho. Na mkiweza, wekeni mwingine mpana, wa watu wawili au watatu kushuka sambamba, kila mmoja kwa makalio yake, wameshikana mikono wakitaka.

Huo mpana nisingeuweka juu ya nguzo. Ningeulaza kwenye kilima. Kilima cha udongo cha kimo cha meta 1.5 ndicho kifaa ninachokitetea kuliko vyote, na huwa kinaachwa kwa sababu hakuna anayekiuza. Ubavu wake ukiinama taratibu, meta moja juu kwa kila tatu za ulalo, kilima kizima kinakaa kwenye duara la takribani meta 12, na nafasi mnayo. Mtelezo ukilazwa juu yake, anayetoka pembeni anajikuta kwenye nyasi, hatumbukii kutoka kimo cha mtu. Mdogo anapanda kwa mikono na miguu, wa miaka 6 anapanda kwa kamba, wa miaka 11 anakaa kileleni na wenzake akiona uwanja wote. Hakuna anayemwambia mwenzake "hiki si cha umri wako."

Kilima pia kinanipeleka kwa mtoto wa jirani yako. Kosa linalorudiwa ni kununua kifaa kimoja chenye alama ya kiti cha magurudumu, kukiweka katikati ya mchanga, na kuhesabu kwamba jambo limekwisha. Magurudumu huzama mchangani, kwa hiyo mtoto anakitazama kifaa chake kutoka njiani. Njia yenye sakafu ngumu hadi kwenye kila kitu ndiyo mwanzo. Ya pili ni kimo. Mteremko wa kiti cha magurudumu unaofuatwa sehemu nyingi hauzidi moja kwa kumi na mbili, maana yake jukwaa la meta 1.5 linadai njia ya meta 18 pamoja na sehemu tambarare za kupumzikia. Kwenye jumba la plastiki hilo ni daraja refu la gharama kubwa lisilo na raha. Kwenye kilima, njia hiyohiyo inazunguka ubavuni ikipanda polepole, na kila mtu ataipenda kuipita, pamoja na bibi.

Mengine yote myashushe hadi anapofikia. Meza ya mchanga na maji iwe na uwazi wa angalau sentimita 61 chini yake ili magoti na magurudumu yaingie, na ukingo wake wa juu usizidi takribani sentimita 78. Mtoto akifika mezani kwa ubavu badala ya uso, hachezi, anachungulia. Lakini kabla ya hayo yote nendeni mkamwone yeye na wazazi wake, muwaulize ni nini kinachowazuia. Inawezekana jibu likawa ukosefu wa choo anachoweza kubadilishiwa nguo, na hakuna bembea itakayolitatua hilo.

Wa miaka 11 usimsahau, kwani viwanja vingi humfukuza bila kukusudia. Anahitaji vitu viwili vinavyoonekana kupingana: changamoto ya kweli ya mwili, na mahali pa kukaa na wenzake bila kusimamiwa. Wavu mrefu wa kupanda na vikalio vinavyotazamana hutosha kuanzia. Kama ni msichana, kuna jambo lililofanyiwa uchunguzi mzuri mjini Vienna, Austria. Mwaka 1996 na 1997 jiji lilichunguza nani anatumia bustani zake, likakuta wasichana wanatoweka baada ya umri wa miaka 9 huku wavulana wakibaki. Wasichana hawakuwa wamechoka kucheza. Uwanja mmoja mkubwa wa mpira, wenye uzio na mlango mmoja mwembamba, ulimilikiwa na kundi la kwanza kufika. Mwaka 1999 bustani mbili za wilaya ya Margareten, ikiwamo Einsiedlerpark, zikasanifiwa upya: eneo kubwa likagawanywa madogo, njia na milango ikaongezwa, michezo ya aina nyingine ikawekewa nafasi. Wasichana wakarudi. Kwa kiwanja chenu funzo ni dogo na la bei nafuu: msitengeneze kitovu kimoja kinachoweza kutekwa na kundi moja. Tawanyeni mchezo sehemu nne au tano, na kila sehemu iwe na njia mbili za kutokea.

Hapo pia ndipo swali la uzio linapoangukia, na sitakupa jibu moja. Kama kuna barabara, mtaro au maji karibu, wekeni uzio bila kubishana. Kama yupo mtoto mwenye usonji au mwenye tabia ya kukimbia ghafla, uzio ndio unaomruhusu mama yake kuketi kwa mara ya kwanza mchana kutwa. Kwa familia hiyo, uzio ni sehemu ya furaha. Kama hakuna kati ya hayo, ua mfupi au ukuta wa kukalia unatosha, na uwanja utaonekana wa watu wote badala ya boma. Mkiweka uzio, uwe wa kuonekana kupitia, wenye malango mawili yanayojifunga yenyewe.

Nimefika kwenye usalama, na hapa nina neno kwa wenzako watakaosema kilima, kamba na wavu ni hatari kuliko jumba la plastiki. Lazima tutofautishe mambo mawili. Lipo jambo la kutisha ambalo mtoto analiona na kulipima mwenyewe: nipande hadi wapi, niruke au nishuke. Mtafiti wa Norway, Ellen Sandseter, aliyechunguza michezo ya namna hii, ameonyesha kwamba watoto huitafuta wenyewe: kimo, kasi, mieleka, kujificha mbali na macho ya wakubwa. Mtoto aliyenyimwa kabisa huitafuta ukutani au juu ya paa. Na lipo jambo la hatari ambalo mtoto hawezi kuliona wala kulipima. Kazi yenu ni kuondoa hilo la pili kabisa, na kulibakiza la kwanza kwa kiasi.

Yasiyoonekana ni kama haya. Nafasi kati ya vyuma au mbao yenye upana wa kati ya sentimita 9 na 23 ni mtego. Mtoto anapita kwa miguu kwanza, kiwiliwili kinapita, kichwa hakipiti, naye anabaki akining'inia kwa shingo. Kila nafasi iliyozungukwa pande zote iwe chini ya sentimita 9 au zaidi ya sentimita 23. Chukueni rula mpime wenyewe, msiamini macho. Kamba za kofia za sweta na helmeti za baiskeli nazo hunasa, kwa hiyo zivuliwe kabla ya kupanda. Bandikeni tangazo la picha. Misumari, boliti zilizochomoza, na mimea yenye sumu kama mbarika viondolewe.

Kisha ardhi. Watu wengi huamini nyasi ni laini. Nyasi zilizokanyagwa mwezi mmoja zinabaki udongo ulioshindiliwa, na udongo ulioshindiliwa unakisimamisha kichwa ghafla. Kinachoumiza ubongo ni huko kusimama ghafla. Kazi ya sakafu ya kuchezea ni kurefusha kusimama huko kwa sehemu ndogo ya sekunde, kwa kubonyea au kutawanyika. Ndiyo maana unene unahesabika. Kwa mwongozo wa Marekani, vipande vya mbao vyenye unene wa sentimita 23 baada ya kushindiliwa hukinga mtu anayeanguka kutoka meta 3, lakini mchanga wa unene huohuo hukinga kutoka meta 1.2 tu. Mwageni sentimita 30 tangu mwanzo kwa sababu zitashuka, na pawepo mtu wa kurudishia chini ya bembea na mwisho wa mtelezo, ambako miguu huzichimba. Mpira hudumu na magurudumu hupita juu yake, ila ni ghali na unapata joto. Mara nyingi jibu zuri ni kuchanganya: mpira kwenye njia na chini ya bembea ya kikapu, vipande vya mbao kwingine.

Bembea pia inakula nafasi kuliko mnavyodhani. Kwa mwongozo huohuo, mbele na nyuma paachwe wazi mara mbili ya kimo cha mhimili, kila upande. Mhimili wa meta 2.4 unadai meta 4.8 mbele na 4.8 nyuma, karibu meta 10 kwa jumla, nusu ya upana wa kiwanja chenu. Iwekeni kwenye kona ambayo hakuna njia ya mkato, maana mtoto mdogo hukatiza akielekea kwa mama yake bila kutazama.

Vitu vya bure sasa. Matairi yanafaa, kwa masharti. Yatobolewe chini yasihifadhi maji ya mazalia ya mbu, na yale ambayo nyaya za chuma zimechomoza yakataliwe. Mbao ndizo za kuogopa zaidi. Mbao kuukuu za reli na nguzo za zamani mara nyingi zimepakwa kriosoti, dawa yenye sumu ya kuhifadhi mbao, na mbao nyingi za zamani za nje zilitibiwa kwa mchanganyiko wenye sumu ya aseniki, ambao Marekani iliuondoa kwenye matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003. Mtoto anazishika, kisha anatia vidole mdomoni. Msipojua mbao ilitoka wapi na ilitibiwa kwa dawa gani, itumieni kwingine. Magogo ya mti uliokatwa karibu, yaliyomenywa magome na kusuguliwa, ni bora mara kumi na yanapendwa.

Na vitu vya bure visivyofungwa popote, kama mbao fupi safi, masanduku, ndoo na vipande vya turubai, ni hazina nyingine. Mwaka 1943 huko Emdrup, Copenhagen, nchini Denmark, ulifunguliwa uwanja wa watoto kujijengea wenyewe kwa mabaki, kwa wazo la msanifu Carl Theodor Sørensen, aliyeona watoto wanavyopenda kucheza kwenye maeneo ya ujenzi. Ulifanya kazi kwa sababu alikuwapo mtu mzima wa kuusimamia. Nanyi mkimpata mtu wa kufungua sanduku la vitu hivyo siku mbili kwa wiki na kulifunga jioni, mtashangaa ni akina baba wangapi watapiga magoti kujenga nyumba.

Swali lako la mwisho ni la nani anathibitisha usalama, na hapa jibu la kuandikwa, hili langu likiwamo, halitoshi. Mnahitaji mhandisi au msanifu wa mandhari afike kiwanjani kabla ya kuchimba kama ardhi ina mteremko, kama maji ya mvua hutuama, au kama mtajenga kilima karibu na ukuta au jengo la mtu. Kama mahali palikuwa gereji, jalala au kiwanda, udongo upimwe maabara kama una madini ya risasi au mafuta kabla mtoto hajaushika. Kwa mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, mwombeni mtaalamu wa tiba kazi anayemfahamu apite na mchoro wenu pamoja na familia. Ataona kwa dakika chache kishikio kilichokaa upande usiofaa. Chochote ambacho mtu anaweza kuanguka kutoka kimo kikubwa, na chochote kinachobembea, kikaguliwe na mkaguzi wa viwanja vya watoto asiyetoka kwa muuzaji, kabla ya kufunguliwa.

Baada ya hapo kuna mizunguko mitatu ya ukaguzi. Mtu wenu apite kila wiki kutazama kwa macho: chupa zilizovunjika, kinyesi cha paka mchangani, kamba iliyochanika. Kila baada ya miezi michache fundi akaze boliti na apime minyororo ya bembea, akiangalia hasa pale pete inapogusa ndoano, kwani ndipo chuma kinapolika bila kuonekana. Mara moja kwa mwaka mkaguzi arudi. Yote yaandikwe kwenye daftari moja linalokaa kwako.

Mkikutana tena, msipigie kura jumba la plastiki mara moja. Waombeni wenzako wachore kwanza kivuli, njia na vikalio kwenye kiwanja kile cha meta 30 kwa 20, muone nafasi iliyobaki ni kiasi gani. Na mtakapompata mkandarasi, mkataba utaje kwa jina kiwango cha usalama atakachokifuata, mfano vile vya Ulaya, EN 1176 kwa vifaa na EN 1177 kwa sakafu, au kile cha nchi yenu. Sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mikononi mwenu hadi mkaguzi atie saini.